Watoro Wenye Ruhusa



Kwa taadhima kubwa napokea heshima mliyonitunukia ya kuufungua mkutano huu wa watumishi wa afya wa pwani yetu, na kwa kuwa wagonjwa wangali wakingoja barazani, niwieni radhi nikiingia moja kwa moja katika jambo la utoro kazini, ambalo kila alitajaye huanza kwa kumlaani mtumishi mvivu, yule atundikaye koti kitini asubuhi ili limshikie zamu, naye akenda zake sokoni.

Yupo mtu huyo, sikatai. Lakini wachunguzi wa Benki ya Dunia, waliotangaza habari zao Julai 2013, walipovizuru vituo vya afya vya Kenya bila ya kutoa taarifa, walikuta kwamba kiasi cha asilimia 29 ya wahudumu wa serikali hawapo, na hasa katika vituo vikubwa vya mijini, wala si kule kwenye njia mbovu tunakokusingizia. Na katika kukosekana huko, asilimia 80 kulikuwa kwa idhini. Yaani barua iliandikwa, ikapigwa muhuri, na mkubwa akatia saini.

Basi na tuitazame barua hiyo. Muuguzi ameitwa semina hotelini siku tatu. Posho yake huenda ikashinda mshahara wa juma zima, na mshahara wenyewe, tangu huduma za afya zikabidhiwe kaunti, umepata kuchelewa katika kaunti si moja. Ni nani miongoni mwetu, mwenye karo za watoto shingoni, angeukataa mwaliko huo? Juma la pili mwenziwe naye huitwa, na mfadhili mwingine, kwa maradhi mengine. Na aghalabu daftari la likizo limo chumba hiki, barua za semina zimo chumba kile, na orodha ya zamu imebandikwa ukutani tangu mwezi uliopita, haina amri juu ya yeyote.

Kwa hiyo leo sina waadhi kwa wauguzi; maneno yangu ni kwa wakubwa wenzangu. Kabla ya kutia saini, agizeni orodha ya zamu iletwe mezani, mhesabu waliobaki, na wasipotosha, mwaliko urudishwe ulikotoka, hata ikiwa aliyeuleta amekuja na fedha zake mkononi.

Kwa idhini yako, Bwana Mwenyekiti, natangaza kwamba mkutano umefunguliwa.