Kutoka Mezani hadi Hifadhini: Programu za Kompyuta na Wajibu wa Mwanaisimu wa Kiswahili



Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu mmoja aliandika programu ya kuchanganua upatanisho wa kisarufi katika sentensi za Kiswahili. Tasnifu ilipita, nakala ikawekwa maktabani. Programu yenyewe ilibaki katika kompyuta moja. Kompyuta hiyo ilipoharibika, programu ikapotea. Mtafiti aliyemfuata alianza upya. Ninadai kwamba hasara ile ilikuwa ya kitaaluma, wala si ya kiufundi tu, na kwamba tiba yake ipo.

Nitatumia mfano wa CPAN, hifadhi ya pamoja ya programu za Perl, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1995. Perl yenyewe ilibuniwa mwaka 1987 na Larry Wall, mtu aliyesomea isimu. Hifadhi hiyo hunakiliwa katika seva za nchi mbalimbali, hivyo kuharibika kwa mashine moja hakufuti kazi ya mtu. Programu nyingi zinazohusu lugha za binadamu hukusanywa chini ya jina la ukoo, Lingua.

Kabla ya kuwasilisha, mwandishi hutayarisha mambo manne. Kwanza, jina lisilomilikiwa na mwingine. Pili, namba ya toleo na orodha ya faili zote. Tatu, maelezo ya matumizi pamoja na leseni, kwani pasipo leseni msomaji hana ruhusa bayana ya kuirekebisha kazi. Nne, majaribio.

Katika majaribio ndimo mwanaisimu anamohitajika zaidi. Programu inayotazama viambishi pekee itazalisha “kipofu kimekuja”, ilhali sarufi yetu hudai “kipofu amekuja”. Sentensi “rafiki yangu amekuja” huitatiza zaidi: kimilikishi hufuata ngeli ya I-ZI, kitenzi hufuata ngeli ya A-WA. Kila sentensi ya namna hii ikiandikwa kuwa jaribio, dai la mwanaisimu huwekwa wazi likaguliwe. CPAN ina wakaguzi wa kujitolea ambao huendesha majaribio hayo katika mifumo tofauti ya kompyuta na kutoa ripoti hadharani. Ripoti ya kushindwa si fedheha. Ni swali la mtahini. Hata hivyo, wakaguzi hao hupima tu kile ambacho mwandishi amekiandika. Asiyejua Kiswahili akiandika jaribio bovu, mashine zote zitalipitisha.

Baada ya hapo faili hufungwa kuwa kifurushi kimoja na kupakiwa. Hakuna jopo linaloamua ubora kabla ya kupokelewa; dhamana ni ya mwandishi. Aidha, jina la faili lililokwisha kutumika halikubaliwi tena, hata faili hiyo ikifutwa. Kosa husahihishwa kwa toleo jipya lenye namba mpya. Kwa hiyo mtafiti anaweza kutaja toleo hasa alilolitumia, kama tunavyotaja chapa ya kitabu.

Wapo wanaohofia kuibiwa kazi zao. Hofu hiyo ninaielewa. Lakini kazi iliyowekwa hadharani ikiwa na jina la mwandishi na tarehe ina ushahidi kuliko ile iliyofichwa sandukuni.

Ninapendekeza, basi, kwamba tasnifu yoyote inayotegemea programu isihesabiwe kuwa imekamilika mpaka programu hiyo, pamoja na majaribio yake, iwe imewasilishwa katika hifadhi ya umma.