Mashine ya Kutafuta Samaki: Tununue Ipi?



Vijana wetu wa Nyamisati na Mbwera wanachoma petroli wakibahatisha, ndiyo maana mashine hii imo katika harambee ya leo. Wazee walitupa bildi wakahesabu pima. Mashine hutupa sauti, ikahesabu muda wa kurudi. Majini sauti hukimbia kama mita 1,500 kwa sekunde.

Basi kabla ya bei tuulize masafa. Kilohezi 200 zinatosha kwenye kina kifupi, kama huku kwetu mdomoni mwa mto. Mashariki ya Mafia, bahari inakotumbukia, tunataka inayoshuka hadi kilohezi 50. Kioo kikubwa cha rangi ni pambo tu ikiwa sauti haifiki chini.

Mwamba hurudisha sauti kwa nguvu, mara nyingi mstari wa pili ukajichora chini ya wa kwanza. Tope huimeza. Chewa tumtafute mwambani. Iwe na GPS pia, mwamba ukishapatikana usitafutwe upya kwa petroli.

Kichwa chake kikae mbali na mapovu ya injini. Betri ya volti 12 tumeihesabu humo humo. Fomu za ahadi zipo mezani.