Mashine Ikiacha Kutema Maji

Leo tunaitazama mashine ya nyuma ya boti inayochemka mkiwa katikati ya maji.

Mashine nyingi za aina hii hazina rejeta kama gari. Pampu iliyo juu ya giaboksi huvuta maji ya bahari kuipoza mashine, na kiasi hutemwa kupitia tundu dogo ubavuni. Mchuruziko huo ukififia, punguza moto. Ukikatika, zima, inua mashine, ukague matundu ya kuvutia maji kule chini. Mara nyingi utakuta mwani au mfuko wa plastiki. Lile tundu dogo nalo huziba kwa chumvi. Lizibue kwa kipande cha mshipi mnene.

Kote kukiwa safi na maji hayatoki, shuku impela, yale mapanga ya mpira ndani ya pampu. Mchanga huyala. Kuwasha mashine nchi kavu bila maji huyaunguza upesi, na bado wapo wauzaji wanaofanya hivyo ili mteja asikie mlio! Wakatalie. Themostati ikigandia ikiwa imefungwa pia huleta joto.

Mashine iliyochemka usiimwagie maji baridi, inaweza kupasuka.

Sasa giaboksi. Mshipi ukijisokota nyuma ya propela hukata sili, maji yakaingia kwenye oili, na gia zikaanza kusagana. Ukiwa nchi kavu, legeza skrubu ya chini: oili ikitoka nyeupe kama maziwa, boti hiyo haiendi popote mpaka fundi abadilishe sili.