Uvimbe wa Shingo

Leo tutazungumza habari za uvimbe wa shingo. Kila mmoja aweke vidole shingoni, chini kidogo ya kikoromeo, kisha ameze mate. Hapo ndipo ilipo tezi iitwayo thairoidi. Umbo lake ni kama kipepeo. Tezi hii hutia katika damu vitu viuongozavyo mwili, ili tupate joto na watoto wakue vizuri.

Katika tezi hii huweza kuota vinundu. Je, ni jambo la nadra? Sivyo. Hata mahali penye chakula bora, daktari akipapasa shingo za wanawake 100, huona kinundu kwa 5 hivi. Kwa wanaume 100, huona kwa mmoja. Vidogo visivyoshikika kwa mkono ni vingi zaidi, navyo huonekana kwa mashine tu.

Ni nani hasa hupatwa? Kwanza, wanawake kuliko wanaume. Pili, wazee kuliko vijana. Tatu, mtu ambaye jamaa zake wa damu wana vinundu. Nne, aliyepigwa mionzi kichwani au shingoni utotoni. Tano, mtu asiyepata madini joto ya kutosha, yaani iodini.

Hili la tano tunaweza kulizuia. Mvua huosha madini joto katika udongo wa milimani na kuyapeleka baharini. Basi chakula cha milimani huwa na upungufu. Tezi ikiyakosa hujitanua, kama mkulima aongezaye shamba kwa kuwa mavuno ni haba. Hilo ndilo rovu. Tena mama mjamzito akiyakosa, ubongo wa mtoto huweza kudhurika tangu tumboni.

Dawa yake ni rahisi: chumvi yenye madini joto. Iweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu. Itie chakula kikikaribia kuiva.

Je, ukiona uvimbe? Usiufiche kwa kitambaa, wala usikubali kuchanjwa kwa wembe. Nenda hospitali. Usikate tamaa, maana vinundu vingi si saratani. Lakini usikawie ikiwa uvimbe ni mgumu, unakua upesi, sauti imekuwa ya mkwaruzo, au kumeza na kupumua ni shida.

Sasa, kazi ya nyumbani. Zamani ulinunua chumvi kwa kuitazama rangi tu. Leo unajua kusoma. Chukua pakiti ya chumvi ya nyumbani kwako, utafute maneno haya: MADINI JOTO. Usipoyaona, ukienda dukani tena uliza iliyo nayo. Kisha msomee na jirani ambaye hajaanza kusoma.

Kwa herini, mpaka somo lijalo.