Mtu aliyesoma kontra neno kwa neno

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama kwenye mkutano mkuu, kabla ya majadiliano juu ya kontra za kukodi mashamba.)



Komite iliniomba niseme kidogo juu ya sheria na uongozi mbele ya kuingia kwa shauri la mashamba. Ningeweza kuwasomea vifungu vya sheria, lakini wengi wangesinzia. Kwa hiyo nitasema juu ya mtu mmoja wa Marekani, Marvin Miller. Hakuwa mchezaji na hakuwa avoka. Lakini mwaka 2021 aliwekwa katika Nyumba ya Heshima ya besiboli, kule Cooperstown, pamoja na wachezaji wakubwa kabisa wa mchezo huo. Tujiulize: juu ya nini?

Besiboli ni mchezo wa fimbo na mpira mdogo, kule wanaupenda sana. Si lazima tujue kanuni zake. Tujue hili tu: mchezaji alikuwa anasaini kontra na ekipe moja, na ndani ya kontra kulikuwa kifungu kinachosema kwamba kama hawajapatana, mwenye ekipe anaweza kurudilia kontra kwa mwaka mmoja zaidi, kwa masharti yale yale. Wenye ekipe walikisoma hivi: mwaka mmoja, halafu tena mwaka mmoja, halafu tena, mpaka mchezaji azeeke. Hakuweza kwenda ekipe ingine kwa mapenzi yake. Wao waliweza kumuuza kesho asubuhi. Na kama alikuwa na lalamiko, mwamuzi wa mwisho alikuwa mkubwa wa mchezo, yaani Komishena, ambaye analipwa na wenye ekipe. Munaona vile ilikuwa.

Wale wanaofuata mupira wa miguu watasema: hii inafanana na kesi ya Bosman. Ndiyo. Bosman wa Ubelgiji alipata haki yake kwa tribinali ya Ulaya mwaka 1995. Wachezaji wa besiboli walikuwa wameanza vita hiyo miaka karibu makumi tatu mbele yake.

Miller alizaliwa mwaka 1917 New York. Alikuwa mtu wa uchumi kwenye sendika ya wafanyakazi wa chuma, na mwaka 1966 wachezaji walimtafuta. Hakuingia kwa ofisi akangoja waje kwake. Alizunguka kwenye kambi za mazoezi, ekipe kwa ekipe, akaongea nao na kujibu maulizo. Kisha wakapiga kura: 489 wakasema ndiyo, 136 wakasema hapana. Wakati ule mshahara wa chini ulikuwa dola 6,000 kwa mwaka, na kwa miaka karibu 20 ulikuwa umepanda dola 1,000 tu.

Sasa tuangalie kazi yake, juu somo letu liko ndani ya mpango alioufuata.

Kwanza, hakukimbilia jambo kubwa. Alianza na pesheni, na kotizasio, na kadi zenye picha za wachezaji ambazo kampuni zilikuwa zinauza. Mwaka 1968 wakasaini mapatano ya kwanza ya pamoja, na mshahara wa chini ukafika dola 10,000. Watu waliona matunda, njo wakaanza kuamini.

Pili, mwaka 1970 akapata kitu ambacho watu wengi hawakukitilia maana: kwamba malalamiko ya kontra yataamuliwa na mtu asiye wa upande wowote. Wandugu, shikeni hili. Haki yako inaweza kuandikwa vizuri sana, lakini kama anayehukumu ni yule yule unayegombana naye, karatasi hiyo itakusaidia kidogo sana.

Tatu, alisema ukweli hata pale ulipokuwa mchungu. Mwishoni mwa 1969 mchezaji Curt Flood alikataa kuuzwa kutoka St. Louis kwenda Philadelphia. Alitaka kwenda tribinali. Miller alimwambia wazi: huenda tutashindwa, na kazi yako ya kucheza inaweza kwisha. Flood akajibu kwamba kama itasaidia wengine, inatosha. Sendika ikamlipia avoka. Mwaka 1972 tribinali kuu ya Marekani ikamkatalia, majaji 5 kwa 3. Flood alipoteza kesi, na kazi yake kweli ilikwisha. Lakini nchi nzima ilikuwa imesikia kile kifungu kinasema nini.

Mwaka ule ule wa 1972 wachezaji waligoma juu ya pesheni yao. Kura za kuruhusu mgomo zilikuwa 663 kwa 10. Mgomo ulichukua siku 13, michezo 86 ikapotea, na hawakugawanyika. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nne, Miller alisoma. Alirudilia kile kifungu neno kwa neno: "mwaka mmoja". Akasema: mwaka mmoja ni mwaka mmoja. Mchezaji asiposaini kontra mpya, akacheza ule mwaka wa kurudilia mpaka mwisho, baadaye yuko huru. Mwaka 1975 wachezaji wawili, Andy Messersmith wa Los Angeles na Dave McNally wa Montreal, walikuwa hawajasaini. Lalamiko likapelekwa kwa mwamuzi wa kati, Peter Seitz, na avoka wa sendika, Dick Moss, akalitetea. Tarehe 23 Desemba 1975 Seitz akaamua: wako huru. Wenye ekipe wakamfukuza Seitz palepale, wakaenda tribinali, wakashindwa kule pia. Kile kifungu kilikuwa kimekaa mbele ya macho ya watu kwa miaka mingi.

Tano, na hapa njo ninamheshimu zaidi. Baada ya kushinda, angeweza kudai kila mchezaji awe huru kila mwaka. Hakudai. Alijua bei: kama watu wote wanaingia sokoni siku moja, bei inaanguka. Bamama wanaouza dagaa wanajua hilo kuliko sisi tuliosoma inivesite. Mwaka 1976 wakapatana kwamba mchezaji atakuwa huru baada ya miaka 6 ya kazi. Wenye ekipe walijiona wamepunguza hasara, na wachezaji walipata faida ya kudumu. Alipostaafu mwaka 1982, mshahara wa katikati ulikuwa umetoka dola 19,000 na kufika karibu dola 241,000.

Na heshima? Ilichelewa. Kura za kumwingiza Cooperstown zilipigwa mara nyingi, akakosa. Mwaka 2008 aliandika kuomba wasiweke tena jina lake. Mwaka 2010 alikosa kura moja tu. Alikufa mwaka 2012, akiwa na miaka 95. Desemba 2019 akapata kura 12 kati ya 16, hesabu kamili iliyotakiwa, bila moja ya ziada. Walimvika taji, lakini kichwa hakikuwepo tena.

Sasa turudi kwetu. Sisemi kwamba mwenye shamba ni adui. Wengi ni jirani zetu, wengine ni ndugu, na bila wao wengi wetu tuliorudi tusingekuwa na pahali pa kulima. Tena hali haifanani kabisa: mchezaji mkubwa hapatikani kila siku, lakini shamba ukiliacha wewe, kesho kuna mwingine anayelitaka. Njo maana kugoma hakutatusaidia. Vitu vingine vitatusaidia, na leo ninaomba muvijadili.

Kontra nyingi nilizoonyeshwa msimu huu zina sinyatiri za watu ambao hawakusomewa. Zingine hazisemi kipindi kinaisha lini. Zingine hazisemi mihogo iliyo bado ardhini ni ya nani kama shamba linarudishwa mbele ya kuvuna. Na karibu zote hazisemi nani ataamua tukigombana. Pahali pengine anayeamua ni mwenye shamba mwenyewe.

Pendekezo la komite lina mambo matatu. Mosi, hakuna mwanachama atasaini peke yake: karatasi isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa luga ya nyumbani, mbele ya watu wawili wa chama. Pili, kila kontra iandike tarehe ya mwisho na iseme mazao yaliyo shambani ni ya nani. Tatu, iandike majina ya wapatanishi watatu: mmoja wa upande wa mwenye shamba, mmoja wetu, na mmoja ambaye pande zote mbili zimemkubali. Ile ya tatu itakuwa ngumu zaidi, na wengine watasema tuiache kwa sasa. Ninawaomba musiiache. Miller aliipata ile miaka mitano mbele ya ushindi wake, na bila ile asingeshinda.

Neno la mwisho ni juu ya heshima. Katika chama hiki kuna watu wanaoandika daftari la kotizasio usiku, wanaoenda kwa chefu bila kulipwa tiketi, wanaosimama na mjane wakati shamba lake linanyanganywa. Tusingoje wafe njo tuwataje. Mkipiga kura juu ya mashamba, wekeni pia kwa ripoti majina ya wale waliotufikisha hapa.

 Maulizo iko karibu.