Tufani katika Milima ya Uluguru



Mazungumzo ya leo ni habari ya tufani, yaani upepo mkali pamoja na mvua kubwa, na hasa jinsi inavyowapata watu wakaao Morogoro na katika milima ya Uluguru. Nataka tufahamu jambo moja. Katika milima hii hatari kubwa ya tufani haimo katika upepo wenyewe, bali katika ardhi inayoporomoka baada ya kunywa maji kupita kiasi. Upepo hatuna amri juu yake. Ardhi twaweza kuitunza au kuiharibu kwa mikono yetu.

Kwanza tutazame mbali kidogo. Ziko nchi ambazo watu wake huogopa sana kimbunga cha nchi kavu, upepo uzungukao kama pia na kushuka kutoka katika wingu zito hata kugusa ardhi. Tarehe 18 Machi, 1925, kimbunga kimoja cha namna hiyo kilipita katika majimbo matatu ya Marekani, yaani Missouri, Illinois na Indiana, kikaua watu 695. Tarehe 26 Aprili, 1989, kingine kilipiga Bangladesh, na watu wapata 1,300 wakafa. Sisi huku twaijua chamchela, ile inayozungusha vumbi na majani makavu uwanjani. Lakini chamchela haitoki katika wingu. Huzaliwa na joto la ardhi wakati wa jua kali, nayo mara nyingi hupita upesi bila ya kudhuru mtu.

Tena ziko tufani za baharini. Mwezi wa Aprili, 1872, tufani ya namna hiyo ilipiga Unguja, ikang'oa mikarafuu mingi mno na kuvunja merikebu za Sultani Barghash. Mwezi wa Aprili, 1952, nyingine ilifika Lindi. Na mwezi wa Mei, 2024, tufani iliyopewa jina la Hidaya ilikaribia kisiwa cha Mafia, nayo ikapungua nguvu. Tufani hizi hupata nguvu zake katika maji ya bahari yenye joto. Zikiingia nchi kavu hudhoofika, kama moto ulioondolewa kuni. Kwa hiyo mtu wa Morogoro, aliye mbali na pwani, si rahisi kuonana nazo katika ukali wake wote.

Labda msikilizaji atauliza, "Basi, sisi tuna hofu gani?" Jibu liko juu ya vichwa vyetu, katika milima yenyewe.

Upepo utokao Bahari ya Hindi huja umebeba unyevu. Ukifika Uluguru hukuta ukuta, maana kilele cha Kimhandu chapita mita 2,600. Haupiti katikati, hauna budi kupanda. Ukipanda hupoa, na unyevu ule hugeuka mawingu na mvua. Ndiyo sababu upande wa mashariki, kama Kinole na Matombo, hupata mvua nyingi sana, na upande wa magharibi hupata kidogo zaidi. Lakini mvua kidogo kwa mwaka si dalili ya usalama. Mvua ya mwaka mzima ikigawanyika siku nyingi ni neema. Sehemu yake ikianguka kwa saa chache tu, ni adui.

Jambo hilo lilionekana Mgeta, upande wa magharibi, tarehe 23 Februari, 1970. Siku hiyo ilianguka mvua ya milimita 100 katika muda usiotimia saa tatu. Udongo ulilegea, ukaanza kuteleza hapa na pale, ukashuka mabondeni kama uji mzito. Wataalamu walipokwenda kupima waliona kwamba katika eneo la kilomita za mraba 75 hivi yalitokea maporomoko madogo zaidi ya 1,000. Kisha wakatafuta kila poromoko lilianzia mahali gani. Karibu yote yalianzia mashambani, na penye majani matupu. Yaliyoanzia mwituni yalikuwa machache mno, hayakufika hata moja katika kila mia.

Mvua ilikuwa moja, na mlima ni ule ule. Kwa nini basi shamba liliporomoka na mwitu ukakaa? Sababu ni mizizi. Mizizi ya mahindi na ya majani hushika udongo wa juu tu. Maji yakizama chini yake, tabaka lile la juu huteleza lote, kama mkeka uliotandikwa juu ya sakafu yenye maji. Mizizi ya mti mkubwa hushuka chini zaidi, ikaufunga udongo wa juu na ule wa chini pamoja. Tena majani ya miti huyavunja nguvu matone ya mvua kabla hayajapiga ardhi.

Najua kwamba habari za kutunza udongo zimepata kuleta uchungu katika Uluguru. Tangu mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliwashurutisha watu kuchimba matuta ya ngazi milimani. Kazi ilikuwa nzito. Tena mahali pengi majembe yalitoa juu udongo wa chini usio na rutuba, na mazao yakawa hafifu. Waluguru walisema mapema kwamba dawa hiyo haifai kila mahali, wala hawakusikilizwa. Mwaka 1955 ghasia zikatokea upande wa Matombo, na mpango ule ukaachwa. Hata hivyo huko Mgeta wako wakulima walioyashika matuta kwa hiari yao, wakayatia samadi na kupanda mboga, kwa sababu waliona faida yake. Hapa twapata mafundisho: mlima hautunzwi kwa amri ya mtu asiyeujua, bali na mwenye shamba aliyekwisha kuelewa sababu.

Mtu atasema, "Ardhi ya ukoo wetu ni hii hii ya mteremko. Tukiacha kulima, watoto watakula nini?" Neno hilo ni la haki. Sisemi watu waache kulima. Nasema shamba lichaguliwe. Pale ambapo mteremko ni mkali kupita kiasi, na kichwani mwa kila korongo, na kando ya vijito, miti iachwe, au ipandwe ya matunda, nayo itatoa chakula na fedha. Moto usitiwe ovyo wakati wa kiangazi, maana mlima uliochomwa huingia masika bila ya nguo. Na nyumba isijengwe mdomoni mwa korongo, hata kama korongo limekauka miaka 20. Maji hayasahau njia yake.

Sasa nitaeleza dalili za hatari. Wazee wengi wazijua, na yafaa vijana wawaulize. Ukiona ufa mpya katika ardhi juu ya nyumba yako. Ukiona miti au nguzo zimeinama ambazo jana zilisimama wima. Ukiona chemchemi iliyokuwa safi imekuwa tope. Mlango uliofunguka vizuri umeanza kukwama: ujue kwamba mlima unasogea. Na ukiona maji ya mto yamepungua ghafula na huku mvua yanyesha, usifurahi. Huenda udongo umeziba mto huko juu, na kizuizi kikivunjika maji yatakuja yote kwa mara moja. Katika hali hiyo watoe watoto na wazee kwanza, mwende upande, mbali na korongo, mahali palipoinuka. Usikimbie kufuata bonde, maana tope nalo hulifuata bonde. Usirudi kuchukua mbuzi wala sanduku.

Nyumba nazo zatakiwa kutazamwa kabla ya mvua. Usiku wa tarehe 3 Machi, 2015, mvua ya mawe yenye upepo mkali ilipiga kijiji cha Mwakata katika wilaya ya Kahama, nyumba za udongo zikaanguka, na watu zaidi ya 40 wakafa. Ukuta wa udongo ukilowa chini hauwezi kusimama. Basi chimba mfereji wa kupitisha maji nyuma ya nyumba, inua msingi, na refusha paa ili maji yasipige ukuta. Mabati yafungwe kwa nguvu katika mbao, na mbao zifungwe katika nguzo, maana upepo ukipata upenyo huinua paa zima.

Kuhusu radi, iko hesabu nyepesi ambayo kila mwanafunzi aweza kuishika. Ukiona umeme, hesabu polepole mpaka usikie ngurumo. Sauti huenda kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Ikiwa ngurumo imefika kabla ya wewe kufika 30, radi i karibu: acha jembe, ingia katika nyumba imara. Usisimame chini ya mti ulio peke yake, wala usikae mtoni. Ngoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho ndipo utoke.

Mvua ikikoma, bado mito ni hatari. Mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 mto Mkondoa ulifurika Kilosa, ukaharibu hata njia ya reli. Ikiwa chuma cha reli hakikustahimili, miguu ya mtu haitastahimili. Maji yakiwa yamefunika daraja, ngoja ng'ambo yapungue.

Nazo habari za Mamlaka ya Hali ya Hewa zisikilizwe katika redio, na mwenye kuzisikia amwambie jirani asiye na redio. Mwanafunzi awasomee wazee nyumbani.

Basi, wasikilizaji, kabla ya masika, kila mwenye shamba na apande mlimani mwake siku moja, atazame juu ya nyumba yake pana nini: miti, au ardhi tupu? Akiona ufa, awaite jamaa wa ukoo na mwenyekiti wa kijiji, washauriane mapema, wakati jua lingali linawaka. Kwaherini.