Mavazi na Burudani si Upuuzi
(Hotuba iliyotolewa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nimeombwa niseme juu ya burudani na mavazi ya watu wa mjini katika zamani za kati ya vita vikuu viwili vya dunia, yaani tangu 1918 hata 1939. Nimechagua mji wa Unguja, na hasa upande wa Ng'ambo, kwa kuwa habari zake zagusa shauri lililo mbele yetu: kama fedha za chama zifaa kutumika katika michezo na muziki, au ziwekwe zote kwa ugonjwa na mazishi.

Ng'ambo ilitengwa na Mji Mkongwe kwa mkono wa bahari. Wengi wa wakazi wake walikuwa watu waliotoka utumwani, pamoja na watoto wao. Sheria ya 1897 iliuondoa utumwa, lakini sheria haikuweza kuwapa heshima machoni pa jirani. Zamani mtumwa alijulikana kwa kipande cha merikani au kaniki, na mbele ya bwana wake hakuvaa kofia wala viatu. Basi si ajabu kwamba, walipopata fedha zao wenyewe, walitafuta nguo. Wanaume walivaa kanzu na kofia. Wanawake waliacha kaniki, wakajifunga kanga, ambazo ndugu zetu wa Mombasa huziita leso. Tena wakavaa buibui, na katika miaka ya 1920 tajiri na maskini walilivaa sawasawa. Aliyetazama kwa mbali aliona anasa; mvaaji alijua kwamba anasema, "Mimi nami ni mtu."

Katika muziki ilikuwa vivyo hivyo. Taarabu ilikuwa ya jumba la Sultani, ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba akaitwa Mtumwa, na ambaye kwanza aliuza vyungu, aliiimba kwa Kiswahili ili wote waielewe. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri, na sahani hizo zikasikiwa katika mikahawa ya pwani yote. Vijana nao walicheza kandanda Mnazi Mmoja, na kila mtaa ukajivunia timu yake.

Mwaka huo huo wa 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja vilivyojengwa nyumba zao. Sisemi kwamba ngoma na mpira ndivyo vilivyoleta mgomo. Kodi ndiyo iliyowauma. Lakini naona kwamba watu waliozoea kukutana, kujuana na kuchanga pamoja kwa furaha, hawakuwa wageni wao kwa wao siku ya taabu.

Wazee wangu, hofu yenu naifahamu. Mashindano ya mavazi huweza kumtia mtu katika madeni, na ngoma isiyo na kiasi humaliza akiba ya nyumba. Kwa hiyo sisemi mfuko ufunguliwe ovyo. Nashauri haki ya wagonjwa na ya maiti itengwe kwanza, wala isiguswe. Kisha sehemu ndogo, yenye hesabu yake na mtunzaji wake, iwekwe kwa ajili ya mpira wa vijana na muziki wa sikukuu, wanawake wakiwa na sauti katika matumizi yake.

Mjini mtu huweza kufa jirani asijue jina lake. Chama kinachokutana msibani tu kitawazika watu kisiowajua. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Basi na tuwape watu wetu mahali pa kuchezea, wapate kujua kwamba hapa ndipo kwao.